Jibu kwa Namba Fupi

Wewe namba fupi usiye na jina,
unayeniandikia Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana,
leo nakujibu.
Naitwa Giramia, binti Othuba.
Nakaa kambi ya wakata miwa, nje kidogo ya Jinja,
mlango wa tisa, ule unaofungwa kwa waya.

Umeniuliza: "Leo umetembea dakika thelathini?
Bonyeza 1 kwa NDIYO, 2 kwa HAPANA."
Namba, bomba liko chini ya kilima
na sisi tuko juu.
Nimetembea kabla jogoo hajakohoa,
jerikeni kichwani, mjukuu mgongoni.
Kidole kikatafuta tarakimu ya kicheko,
hakikuiona. Nikabonyeza 1.
"Hongera! Endelea hivyo hivyo."

Umeniambia nipunguze sukari.
Huku kwetu sukari haibishi hodi.
Molasi inanuka hadi kwenye nguo zilizoanikwa,
masizi ya miwa iliyochomwa yanatua kwenye uji,
na mwisho wa mwezi, juu ya mshahara,
mume wangu hupewa kilo tatu ndani ya mfuko wa karatasi,
anaweka dole gumba mahali pa sahihi.
Mgeni akija, nimkorogee nini? Maneno?

Lakini si yote ninayoyacheka.
Siku ile muuguzi Namukose alipokuja na kijimashine chake,
akanidunga kidole, tukangoja pamoja
kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani wa mtoto.
Akasema: "Bado hujaugua. Uko mlangoni."
Nikamuuliza, mlango huo unafungukia ndani au nje?
Hakujibu. Aliandika simu yangu kwenye orodha yako.

Usiku nikalirudia neno.
Kisukari. Wamelitia ki, kama kijiko, kama kitoto,
kitu kidogo cha kuchezea.
Kumbe ukilikata neno lenyewe
kinachotangulia kutoka ni kisu.
Shemeji yangu Onegiu alikata miwa miaka ishirini na miwili,
panga halikumgusa hata ukucha.
Mguu wake wa kushoto ulibaki hospitali
kwa kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Basi sikia nisichoweza kukubonyezea.
Simu hii ni ya tochi, na ni ya nyumba tatu.
Kuichaji ni shilingi mia tano kwa Tenywa kinyozi,
kwa hiyo ujumbe wako wa Ijumaa huamka Jumapili.
Nausoma kwa sauti kwenye foleni ya bomba,
kwa Kialur kwanza, kisha Kiswahili, ili pasiwe na wa kusingizia.
Wewe unasema "mlo kamili";
mimi nasema dodo na maharage, posho isipite nusu ya sahani.
Unasema "mazoezi";
mimi nasema: enyi wanaume wa karata, inukeni mkachote maji.
Hilo hukuliandika. Nimeliongeza.
Wiki hii wawili wameinuka,
mmoja akarudi na dumu tupu, lakini aliinuka.

Na zile kilo tatu? Moja tumeikoroga, nusu nusu ya kijiko.
Mbili nimebadilishana na muuza mandazi, akanipa njugu.
Najua, najua:
nimeuhamishia ugonjwa mlango wa kumi na mbili.
Nitumie ujumbe kuhusu hilo, ikiwa unao.

Nikayatuma haya yote, vipande sita, shilingi zikaisha.
Ukajibu palepale, hukupumua:
"Samahani, jibu lako halikueleweka. Bonyeza 1 au 2."

Akumu, ambaye hajawahi kukaa darasani,
akachungulia kioo begani pangu.
"Inasemaje leo?"
Nikamwambia: inauliza kama tupo.
Akatua jerikeni, akafuta mikono kwenye leso,
akabonyeza mwenyewe, kwa nguvu,
kama mtu anayeua chawa.