Nambari ya Kichwa

Babu Krijn alituachia saa isiyotembea,
deni la trekta,
na kofia ya chuma aliyonyweshea kuku.
Aliitoboa matundu mawili, akapitisha waya,
ikawa ndoo.
Miaka sabini kuku wa Walcheren walinywea vita
wala hawakujua.

"Ya Mjerumani," alisema, basi.
Ukiuliza Mjerumani gani, aliipuliza kahawa yake
hata kama ilishapoa.

Nimeibeba ndani ya mfuko wa nailoni hadi Goes,
kwa Bwana Lievense, fundi baiskeli mstaafu,
asomaye chuma kama wengine wasomavyo viganja.
Hakuvaa glavu. Aliinusa kwanza.
"Kuku," akasema.
Kisha akaigeuza, akawasha tochi,
akasugua ndani, upande wa kushoto, kwa mate na kidole gumba,
mpaka kutu ikatema herufi moja na tarakimu mbili:
Q, sitini na nne.

Q ni kiwanda. Sitini na nne ni ukubwa wa ganda.
Ukingo haukukunjwa, umeachwa mkali kama mfuniko wa kopo:
walikuwa na haraka, akasema, vita vilishaanza kuwala.
Tai hayupo ubavuni, na hakuwahi kuwapo.
Rangi ya juu imepakwa kwa brashi, ina mchanga ndani yake,
mchanga wa ufukweni, chuma kisiakisi jua.
Sikujua kuwa chuma kina umbea kiasi hiki.

Nilitaka jina. Nikiri.
Jina la Kijerumani, na mji wenye mto,
nimwandikie mtu barua ya adabu,
anishukuru, tumalizane.

Koleo la Lievense likapenya nyuma ya ngozi
iliyokauka kama ganda la chungwa,
likatoka na gazeti.
Limekunjwa mara nne, tano, likawa ukanda wa upana wa kidole,
likazungushwa humo ili kofia isicheze.
Aliyeivaa alikuwa na kichwa kidogo.
Gazeti la Middelburg. Kiholanzi.
Bei ya mbegu za viazi. Ng'ombe aliyepotea.
Nusu ya tangazo la ndoa.

"Gazeti huokotwa na yeyote," akasema Lievense, upesi mno.
"Wajerumani walikaa huku miaka minne,
nao walifungia samaki kwa magazeti hayo hayo."
Ni kweli. Nikaitikia kwa kichwa,
kichwa changu hiki
ambacho kofia zote za dukani hukidondokea masikioni,
kama cha mama, kama cha Babu Krijn
aliyenunuliwa kofia ya harusi kwenye duka la watoto.

Kuna picha kwetu, mbele ya ghala,
kabla ukuta wa bahari haujabomolewa:
watoto wanne wamepangwa kwa urefu,
jozi nne za viatu vya mbao,
nyuso tatu.
Ule wa mrefu kuliko wote umekatwa, duara safi,
kama mtu anayekata biskuti.
Tuliambiwa ni panya.
Panya wenye mkasi.

Lievense akaniandikia karatasi, kwa mwandiko wa risiti:
*Mfano wa arobaini na mbili. Hali: duni. Matundu mawili, si ya risasi.
Mwenyewe:*
hapo akainua kalamu, akatazama dirishani,
akaifunga kifuniko.
Hakutaka malipo. Aliniuliza tu kama kuku wangali wanataga.

Nyumbani nililirudisha gazeti kwenye mikunjo yake,
mkunjo kwa mkunjo, nyuma ya ngozi, lilikotoka.
Nikasimama mlangoni mwa banda, hakuna anayeniona,
nikaivaa.

Haikucheza.

Waya tu ndio uliolia kando ya sikio langu,
na kuku, waliposikia mlio wa ndoo yao,
wakanijia mbio.