Meno Sita

Baba hakuamini breki ya mkono.
Aliamini jiwe.
Aliliokota njia ya Katuna mwaka barabara ilipopasuliwa,
jeusi, lenye shavu upande mmoja,
akalipa makazi kwenye buti la Karina
pamoja na jeki, mwavuli na kitabu cha nyimbo.
Kila aliposimama (na Kabale, wapi hapana mteremko?)
alishuka injini bado inahema,
akalisukuma kwa kiatu chini ya gurudumu la nyuma,
akaligonga mara mbili, kama anayeaga mtoto.
"Breki ukiivuta kila siku inakwisha," alisema.
"Jiwe limekwisha lini?"

Alikufa Machi. Gari likaniangukia mimi,
mkono wa breki umelala katikati ya viti,
safi, haujaguswa, kama sahani ya wageni.
Siku niliyouvuta, haukurudi.
Nyuma kukanuka
kama pasi iliyosahauliwa juu ya sketi.

Gereji ya Onzima iko chini ya mikaratusi ya Bugongi,
mabati matatu na shimo.
Alitoka Arua na jeshi; jeshi likaondoka, yeye akabaki.
Kikiga chake ni cha kununulia viazi,
Kiswahili ndicho cha kufanyia kazi.
Akavua gurudumu, akaigonga ngoma kwa nyundo ya mpira.
Ngoma ikakataa.
Akainyunyizia mafuta, akangoja,
akavuta nusu ya sigara, nusu akaipachika sikioni.
Ilipotoka, ilitoka na vumbi jeusi.
"Usipulize kwa mdomo," akasema, akalifuta kwa kitambaa kibichi.
"Haya, chungulia. Hivi ni viatu, viwili, kama vyako.
Ukivuta mkono, waya unavuta kijiti hiki,
kijiti kinavitanua viatu,
viatu vinaikaba ngoma kutoka ndani.
Basi. Hapana pampu, hapana maji ya breki,
ni waya na bega lako.
Siku ile ya mguuni ikikukimbia,
hii ndiyo utakayobaki nayo."

Akauchomoa waya kwenye ala yake.
Ulitoka mwekundu, ukikwaruza,
nyuzi zimetawanyika kama ndevu za hindi.
"Mzee alikuwa haivuti?"
"Alikuwa haivuti."
"Waya usiotembea hushikwa na kutu. Ameitunza mpaka ikafa."
Nikakumbuka shati nililomnunulia Mbarara.
Alilivaa siku tuliyomzika,
mikunjo ya dukani ingalipo.

Waya mpya ulikuja na basi la usiku kutoka Kampala,
umejikunja ndani ya gunia la sukari.
Onzima akaupaka grisi, akauvisha,
kisha akainamia nati ndogo chini ya mkono:
kaza robo, vuta, sikiliza,
kaza robo.
"Sasa hesabu wewe."
Nikavuta. Ta, ta, ta, ta, ta, ta.
"Sita. Yakifika tisa, nirudie.
Yakiwa matatu, nimekaza mno,
viatu vitaisaga ngoma nawe unaendesha huku unaimba."

Tukapanda Makanga, pale lami inaposimama kama ukuta.
"Kanyaga. Vuta mkono. Toa gia.
Haya, mguu. Pole, pole."
Karina likarudi nyuma upana wa kidole,
likakaa.
Mama mmoja mwenye kikapu cha mtama
akapita nyuma yetu, hakugeuza hata shingo.
Onzima akashuka, akazunguka,
akasimama nyuma ya buti, mgongo kwa gari,
uso kwa mji wote kule chini,
akaiwasha ile nusu ya sigara.
Mimi ndani, mikono mapajani,
sikuthubutu hata kukohoa.

Siku hizi navuta kila ninaposimama,
hata sokoni palipo tambarare,
ili waya utembee.
Nahesabu. Juzi yalikuwa saba.
Halafu, jioni nisizokuwa na haraka,
nashuka, nafungua buti.