Sanamu Haina Mapigo

Hull, mwezi wa pili. Mvua nyembamba kama uzi wa kushonea jeraha,
na mimi, Atupele, miaka kumi na mitatu kazini,
naomba ruhusa kwa mtu wa plastiki:
"Habari za asubuhi. Mimi ni muuguzi. Naweza kufunga pazia?"
Pazia lenyewe halipo. Nalifunga kwa maneno.

Hapa kila kitu husemwa. Umenawa, sema.
Umesoma tarehe kwenye kichupa, sema.
Mkono uliotenda kimya hauhesabiwi.
Tukuyu ilikuwa kinyume: fumba mdomo, fumbua macho.
Sista Mlelwa alikuwa na kipimo kimoja cha presha
kwa wanafunzi arobaini na wawili,
tukakipangia foleni kama maji ya bomba.
Sindano ya kwanza nilichoma chungwa,
ya pili nikamchoma Sekela, naye akanichoma mimi,
ya tatu mgonjwa. Basi.
Muhula wa pili nilikuwa zamu ya usiku peke yangu,
vitanda thelathini na vinne, wagonjwa hamsini,
tochi ya simu nimeibana kwa meno
na mtoto anatoka kabla umeme haujarudi.

Wakati wa chai tunalinganisha,
kama wanawake wanavyolinganisha uchungu wa uzazi.
Lijimol wa Kottayam: wanga kwenye kola, kalamu za rangi tatu,
na msimamizi wa bweni aliyepima kucha kwa rula.
Marivic wa Iloilo anacheka: "Sisi tulisomea kuondoka.
Tulijua maradhi ya wazee wa watu
kabla ya kikohozi cha bibi zetu."
Na Imogen, binti wa Grimsby, mwaka wa pili,
anahesabu saa zake: elfu mbili na mia tatu, kila moja isainiwe,
na hajawahi, hata dakika moja,
kuachwa na mgonjwa peke yake.
Nilimhurumia. Kisha nikamwonea wivu.
Macho yakaloa, nikasingizia chai.

Mtihani wa kwanza nilianguka.
Mshipa niliupata. Ningeupata gizani, nimeshaupata gizani.
Ila sikuiuliza sanamu inapenda kuitwaje.
Nikaenda kwenye kibanda cha simu, vya mji huu vina rangi ya maziwa,
nikajifungia humo, simu sikupiga,
nikaitukana ile sanamu kwa Kinyakyusa
mpaka kioo kikafunga ukungu.

Wiki ileile, wodini, Imogen akanishika kiwiko.
Mashine inalia ovyo, mzee Harker amepauka.
Nikachukua vidole vyake viwili,
nikaviweka kwenye kifundo cha mzee, usawa wa gumba.
"Usibonyeze. Ngoja. Yatakuja yenyewe."
Akangoja. Yakaja.
Akaachama kama aliyesikia hodi ndani ya ukuta.
Kisha akainama, akasema, bila haraka:
"Mimi naitwa Imogen. Ungependa tukuite nani?"
"Stan," akajibu mzee.
"Tangu mke wangu afe, hakuna anayeniita Stan."

Usiku huo sikulala.
Kulikuwa na mama mmoja, Tukuyu, kitanda namba kumi na moja.
Wiki tatu nilimwosha. Mapigo yake nayajua hadi leo,
yalikuwa na kituo kidogo kila baada ya manne,
kama mtu anayepanda kilima na mzigo.
Kumi na Moja amekula.
Kumi na Moja amepata choo.
Alfajiri moja: Kumi na Moja kiko wazi.

Kesho narudia mtihani.
Sanamu imelala, macho ya bluu, inangoja kuulizwa.
Nitanawa, nitasema nimenawa.
Nitafunga pazia lisilokuwepo.
Nitauliza, "Mama, ungependa nikuite nani?"
na hapo nitanyamaza,
mtahini aandike atakavyo,
kupita muda unaoruhusiwa.