Wapangaji

Yeye alipanga chumba, mimi nikapanga herufi:
ndivyo tulivyojuana, ghorofa ya nne, Geneva,
mtaa wa Carouge, juu ya duka la jibini
ambalo harufu yake ilipanda ngazi kabla ya wageni.

Nilikuwa na miaka kumi na saba
na kibano cha marehemu baba, fundi saa,
cha kukamatia skurubu ndogo kama chawa.
Waman Kelshikar akakitazama, akatazama vidole vyangu,
akafungua sanduku lililotoka Bombay
limeandikwa: Zana za Kung'olea Meno.
Ndani mlikuwa na risasi.
"Si ya bunduki, ya herufi," akasema.
"Ingawa Waingereza hawaoni tofauti."

Herufi zao zinaning'inia chini ya mstari
kama nguo kwenye kamba. Ndivyo nilivyozijua:
soksi, shati, suruali iliyokatika mguu,
aproni yenye mkanda wa ziada.
Aliandika, nami nikaanika.
Miaka minne nimeanika gazeti zima
nisijue neno moja linasema nini.
Jina tu nililijua. Thinagi. Cheche.
Aliniambia huku akipuliza mkaa uliogoma kushika.

Alikuwa mkali. Nukta ikikaa upande
alirudisha ukurasa mzima.
"Odile, kule mtu atafungwa miaka saba
kwa kuisoma karatasi hii.
Asifungwe kwa ajili ya kosa la chapa."

Tuliyaficha magazeti ndani ya katalogi za saa,
yakaenda Marseille, yakaenda Pondicherry,
yakaenda kwenye mikono nisiyoijua.
Chini, mtu mwenye mwavuli hata siku za jua
alisoma habari za juzi mbele ya duka la jibini.
Mama akampelekea kiti.
"Anatupeleleza!" nikamwambia.
"Basi apeleleze akiwa amekaa."

Februari moja, upepo wa Bizi ukikwangua madirisha,
ikaja barua iliyotembea wiki sita,
imefunguliwa na kubandikwa tena
na mtu asiyejali kuficha.
Aliisoma amesimama. Akaikunja ikawa ndogo,
akaikunja tena, mpaka ikatosha kuwa tiketi.
Kisha akaandika mistari miwili.
"Ukurasa wa nne. Chini kabisa, penye nafasi."

Nikaanika. Nikamletea nakala ya kusahihisha.
Akaikodolea macho mpaka mshumaa ukabaki nusu.
Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Haikugusa kitu.
"Hakuna kosa?" Maana halijawahi kukosa kosa.
"Chapa," akasema. "Chapa hivyohivyo."

Aliondoka mwaka wa vita, usiku.
Kodi ya miezi miwili aliilipa kwa koti lake,
na nje theluji ilikuwa inaanguka.
Mama hakulivaa, hakuliuza.
Nondo wamelimaliza.

Leo nina miaka sitini na tisa.
Kijana kutoka Pune, anayesomea ujenzi wa madaraja,
amepanga chumba kilekile.
Nilikuwa na nakala moja tu,
nimeitandika kwenye droo ya vijiko.
Akasoma kurasa tatu kwa sauti, akiitafsiri,
akicheka ukali wake, akisema huyu mzee alikuwa moto.
Ukurasa wa nne akanyamaza.

"Hapa chapa imekosewa, Bibi.
Alikusudia: *Kelshi. Mama amekwenda. Mwana hakuwepo.*
Kwetu ndivyo tusemavyo mtu akifa, amekwenda.
Lakini mpangaji ameirudia herufi ya kwanza ya mama
mahali pa herufi ya kwenda.
Limekuwa neno jingine."

Neno gani?

"Amekuja.
*Mama amekuja. Mwana hakuwepo.*"

Nikavaa miwani, nikainama juu ya karatasi
yenye alama za kutu za vijiko.
Kweli:
aproni,
nafasi kidogo,
aproni tena.