Masharti ya Kukodi

Ufunguo ndio huu. Wa pili umepotea,
usiniulize ulipo, muulize mbuzi wa jirani.
Keti kwanza. Kabla ya sahihi kuna chai,
na kabla ya chai kuna haya.

Gari hili lakuzidi umri.
Gia ya pili ni kaidi: ibembeleze,
ukiilazimisha italia hadi Sary-Tash.
Matairi ya akiba ni mawili, na bado ni machache.
Hema limo juu ya paa. Ngazi yake ina kidato kimoja
nilichokichonga mwenyewe kwa mpini wa koleo;
vingine vikivunjika, hicho kitabaki.

Umesema umeshapanda milima.
Vizuri. Huu haujapata habari.
Kule juu pakiti ya biskuti hufura kama shavu la mwenye jino,
maji hutokota kabla hayajawa moto,
viazi utavibandika asubuhi na jioni vitakuwa vigumu vilevile,
na usiku utashtuka umeketi
unatafuta pumzi kama mtu anayetafuta miwani
iliyo usoni pake.
Hapo usijitie ushujaa. Geuza gari, shuka.
Aliyeshuka atapanda tena.

Mimi nilikawia.
Miaka ishirini na sita nilipeleka makaa ya mawe Murghab,
na siku moja pale Ak-Baital, Farasi Jike Mweupe,
kifua kikaanza kuchemka kama birika.
Utingo wangu Mederbek, miaka kumi na saba, leseni hana,
alinishusha usiku kucha kwa gia ya kwanza,
akinisomea kwa sauti namba za nguzo za kilomita
ili mmoja wetu asilale.
Daktari wa Osh alichukua ramani yangu na kalamu nyekundu:
"Toktosun, unaishia hapa."
Hapa! Na milima naiona kutoka chooni.

Basi nakodisha.

Ukifika Karakul, nyumba ya nne upande wa ziwa,
piga honi: fupi mbili, kisha ndefu.
Atatoka dada yangu Zuurakan,
maana honi hii anaijua kuliko sauti yangu ya simu.
Atatazama kwanza kiti cha dereva.
Usione vibaya.
Ni kitambo kidogo tu, kisha atakuona wewe,
atakupa mtindi wa yaki, atavidharau viatu vyako,
atakwambia nimenenepa, naye hajaniona mwaka wa tisa.
Kubali yote.
Yeye hashuki. Hewa ya bondeni, asema,
ni nzito kama blanketi la mgonjwa.
Tumbo moja lilituzaa, kimo kimetugawa.

Sasa mkataba. Kifungu cha tisa kinasema
gari lirudishwe limeoshwa, ndani na nje.
Aliyeuchapa ni binti yangu, amesomea mambo ya hoteli.
Kikate. Piga mstari, nami nitatia sahihi pembeni.
Nirudishie lilivyo:
tope jekundu la Kyzyl-Art kwenye madigadi,
chumvi ya ziwa kwenye kioo,
vumbi jeupe chini ya mikeka.
Nitalifagia mwenyewe, polepole, mlango nimeufunga.

Na ukipenda, si lazima, haimo kwenye karatasi:
pale juu kabisa zima injini,
fungua madirisha yote manne, hesabu hadi mia,
kisha yafunge.
Najua hewa haifungwi ikakaa.
Nimekuwa dereva, si mtoto.
Wewe yafunge tu.

Amana ni dola mia tatu, taslimu.
Chai imepoa.
Inywe hivyohivyo, uanze kuzoea.