Maranda Mgongoni

Kazi yangu ni reki.
Kila pambano likiisha naingia duarani
nafuta alama za migongo.
Mwaka wa kumi na tisa huu, malisho yale yale
juu ya Muotathal. Ng'ombe wamehamishiwa
ng'ambo ya kijito, kengele zao bado zinasikika,
na matela matatu ya maranda ya msonobari
yamemwagwa juu ya majani.

Watoto hupigana miereka kwa kaptula za gunia
juu ya suruali. Unashika kaptula ya mwenzako,
unainama, bega kwa bega, kama watu wawili
wanaotafuta sarafu iliyodondoka.
Kisha mmoja anaona mbingu.

Hapo ndipo ilipo sheria yetu ndogo:
aliyebwaga humwinua aliyebwagwa
na kumpangusa maranda mgongoni.
Kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, basi.

Remigi Betschart, miaka kumi,
hakutaka kupanguswa.
Sekunde kumi na moja tu, chali,
na aliyembwaga ni Flurin, mwembamba, mgeni wa bonde la pili,
ambaye hata yeye alionekana kushangaa.
Flurin akanyosha mkono. Remigi akaupiga kofi,
akatoka na mgongo wake
kama andazi lililogaragazwa kwenye unga.

Mchana kutwa aliutembeza mgongo ule.
Kwenye foleni ya soseji. Nyuma ya hema la waamuzi.
Mbele ya meza ya zawadi, penye kengele,
viti vya kukamulia, na chini yake
mwanakondoo mmoja aliyelala fofofo.
Alidhani ameuficha uso.
Sisi tulikuwa tunasoma mgongo.

Wapo waliotikisa kichwa. Mjomba wake akasema,
kwa sauti ya kusikika hadi kwenye soseji,
asiyekubali kushindwa si mshindani.
Kweli tupu.
Lakini methali haina kiganja.

Mimi sikutikisa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili
nilipotoroka uwanja huu huu,
nikashuka mlima kwa miguu, saa mbili nzima,
nikalala na shati langu.
Asubuhi mama alikung'uta shuka dirishani
bila neno. Maranda yakawaangukia kuku.
Aliyenibwaga aliitwa Zeno Gwerder.
Alikuwa amekuja usiku ule, akasimama mlangoni
kofia mkononi, nami nikasema aambiwe sipo.
Baadaye alikwenda Basel kufanya kazi ya reli.
Sijamwona tena.
Kuna mahali, katikati ya mabega,
ambapo mkono wako mwenyewe haufiki.
Jaribu.

Alasiri Flurin naye akabwagwa.
Akapanguswa, akashukuru,
akaenda kwenye hodhi kunawa uso
akalia huko huko, maji yakimsitiri.
Remigi alikuwa ameketi ukingoni.
Sikusikia waliyosemezana, nilikuwa na reki.
Nilimwona tu Flurin akizungusha kidole hewani: geuka.
Na Remigi akageuka, polepole,
kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi,
mkono uliolowa ukapita
ukaacha michirizi.
Hayakutoka yote. Maranda yakilowa hunata.

Watu walipoanza kukunja mahema alinijia.
Akauliza alama yake ilikuwa wapi.
Nikamwonyesha mahali, karibu na ukingo, upande wa kijito.
Nilikuwa nakisia. Tangu asubuhi
nimefuta migongo zaidi ya mia.
Alipatazama muda mrefu,
akapagusa kwa ncha ya kiatu.
Kisha akaomba reki.