Chupa ya Macho

Belo hufunguliwa Jumanne, pale Sido,
ukungu wa Loleza ukiwa haujaamua uende wapi.
Mwambona anakata mikanda,
wanyama wanamwagika juu ya turubai:
dubu, sungura, bata asiye na mguu,
kitu chenye pembe ambacho hakuna anayekijua jina.
Mia tano, mia tano, mkubwa buku!
Kufika saa nne wanawake wako kibandani kwangu na mifuko.

"Mama Subi, nitolee."
Hawamalizi sentensi. Mwanjelwa nzima inajua ninachotoa.

Namshika sungura shingoni, navuta jicho kwa meno,
maana mtoto naye hatatumia vidole.
Likikubali, nakata. Likikataa, nakata pia.
Nabonyeza tumbo. Tumbo likiimba, nalipasua:
betri, duara, nyembamba, inang'aa kama shilingi mpya.
Hiyo naizungushia selotepu, naificha juu ya kenchi.
Utepe wa shingoni, kwaheri.
Rangi ikibaki chini ya kucha yangu, namrudishia mwenyewe:
"Hili gari mpe wa darasa la pili. Anayetambaa, hapana."

Wapo wanaonuna. Tumpe wa mboga alininyang'anya dubu wake:
"Umemharibu! Katoka Ulaya na macho yake mazima!"
Nikamwambia huko Ulaya ndiko walikomchoka.
Akacheka kidogo, akamrudisha mezani.

Chupa ilikuwa ya siagi ya karanga.
Ipo rafu ya juu, mfuniko umekazwa:
macho ya kahawia, ya bluu, ya paka yenye mstari,
moja limechorwa kope.
Wageni wakiuliza, nasema ni mapambo.

Hili lingine sijawahi kulisema.

Mwaka wangu wa kwanza, cherehani ya kukopa,
nilimshonea mtoto wa jirani mdoli wa vipande vya kitenge.
Nilijivunia vifungo. Viwili, vyeusi, vya koti la marehemu baba.
Nilivipitishia uzi mara tisa, nikapiga fundo, nikauma.
Lusajo alikuwa na miezi minane.

Uzi wangu haukukatika.
Niliuokota baadaye, mzima, fundo palepale,
umeng'oka na kiraka kidogo cha kitambaa.
Kitenge kilikuwa kimezeeka. Sikukiuliza umri.

Mvua ya Machi ilikuwa inapiga bati,
ila hata kungekuwa kimya tusingesikia kitu.
Mtoto anayekabwa hana sauti. Hakuna aliyewahi kuniambia.
Tuliona rangi tu.
Nikamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini,
nikampiga katikati ya mabega, nikapiga,
mpaka kifungo kikaanguka sakafuni,
kikazunguka, kikazunguka, kikalala.
Ndipo akalia.

Mama yake alinishukuru. Alinishukuru!
Akaniletea mkungu mzima wa ndizi kutoka Tukuyu.
Nilizipika. Hazikupita.

Leo bajaji imesimama mlangoni, redio juu.
Lusajo, mabega yamejaa mlango,
kashika mbwa wa manyoya, mtumba, masikio marefu.
"Mama Subi, binti yangu kaanza kukaa."

Navuta jicho. Linakuja kama punje ya hindi bichi.
"Sasa kipofu huyu ataonaje?"
"Ngoja."
Natunga uzi mweusi, nadarizi,
mishono midogo, bapa, iliyozama ndani ya manyoya,
pasipo pa kushika jino.
"Mbona umemfumba? Kalala?"
"Kalala. Mfue leo kwa maji moto na sabuni.
Jua la Julai ni la kuazima, mwanike siku mbili."
"Shilingi ngapi?"

Nageukia rafu. Nafungua chupa,
nadondosha macho mawili juu ya yote yale
ambayo chini yake, chini kabisa, kuna kifungo cheusi.

"Nenda," namwambia. "Bajaji yako imeziba njia."